Mawimbi Yalipobanana Nduwani

Kabla sijachukia nyama ya nguruwe, nilichukia wimbo. Nilikuwa nafundisha fizikia kidato cha tatu katika shule moja ya kata huko Old Moshi, na wanafunzi niliowapokea walikuwa wamekaririshwa kanuni ya mawimbi kwa Kiingereza, kwa mdundo wa makofi, kama watoto wa chekechea wanavyoimbishwa siku za juma. Kasi ya wimbi ni marudio mara urefu wa wimbi. Waliimba darasa zima wakipiga madawati, na walipomaliza wakaniangalia wakisubiri sifa. Nikauliza, marudio ni nini? Urefu wa wimbi unapimwa kutoka wapi mpaka wapi? Msichana mrefu wa dawati la mbele, ambaye ndiye aliyeongoza wimbo, akasema kwa upole kabisa, "Madam, hiyo haijawahi kutoka kwenye mtihani."

Nilihisi kama mtu aliyefunua sufuria akakuta chakula kimelala siku tatu.

Kesho yake nilikwenda darasani na kamba ya kufungia ng'ombe, niliyoiazima kwa mama mkwe. Nikaifunga kwenye nondo ya dirisha, nikamwita yule msichana aitikise. Akaitikisa polepole, kamba ikafanya mgongo mmoja mrefu uliotembea hadi dirishani. Nikamwambia aitikise haraka haraka. Migongo ikawa mingi na mifupi.

"Lipi limekimbia zaidi?" nikauliza.

"La pili!" darasa zima.

"Angalieni tena. Msiangalie mkono wake. Angalieni mgongo mmoja tu, tangu unatoka mpaka unafika."

Walirudia mpaka nikachoka mimi. Mwishowe kelele zikapungua, kwa sababu waliona wenyewe kwamba mgongo mfupi haukufika dirishani mapema kuliko ule mrefu. Nikawaeleza kwa Kiswahili, ingawa mwalimu mkuu hakupenda. Mkono ndio unaoamua marudio, yaani kamba itikiswe mara ngapi kwa sekunde. Kamba yenyewe, kwa uzito wake na ilivyokazwa, ndiyo inayoamua kasi. Urefu wa wimbi, kutoka kilele kimoja hadi kilele kinachofuata, hauna uhuru wake. Unawafuata hao wawili. Marudio yakizidi na kasi ikabaki palepale, urefu hauna budi kupungua.

"Na ikiwa kasi ndiyo itabadilika?" msichana yule akauliza. "Yaani mkono ni uleule, lakini njiani kitu kimebadilika?"

Hapo nilifurahi, nakiri. Nikasema tutakwenda kuona kwenye maji.

Chini kidogo ya shule, kwenye ule mteremko wa vihamba, yale mashamba ya migomba na kahawa, kulikuwa na nduwa. Nduwa ni bwawa dogo la kukusanyia maji ya mfongo, ule mfereji wa asili unaoshuka kutoka msituni, na la kwetu lilichimbwa na watu waliokwisha kufa zamani. Hapo awali lilijazwa usiku na kufunguliwa asubuhi, na kila mwaka watu walitoka kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wakakomba tope. Siku hizi lango la chini lilikuwa limeshikana kwa kutu. Maji yalitoka nje kwa kupitia bomba la juu, na hakuna aliyeona sakafu ya nduwa kwa miaka. Kila mtu alisema litatengenezwa. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyolala, na yalinuka. Watu wakasema ni majani yanaoza. Lakini bomba la kijiji lilipokata, na lilikata mara kwa mara, tulichota hapo hapo. Mama mkwe alioshea mboga ya mnafu hapo. Ng'ombe walinywa hapo.

Nikaenda kumwomba ruhusa mwenyekiti wa mfongo, mzee mnene mwenye shughuli nyingi. Nikampa shikamoo, akaitikia, akauliza wanafunzi wanakwenda kufanya nini kwenye maji ya watu. Nikasema kuangalia mawimbi. Alicheka mpaka akakohoa. "Mawimbi si yako Tanga, mwalimu?" Lakini akakubali.

Kabla ya kutoka darasani niliwaambia wabashiri. Maji yakiwa na kina kirefu, wimbi pana hutembea kwa kasi. Maji yakiwa na kina kifupi, wimbi lile lile huchelewa. Marudio hayabadiliki, kwa sababu mkono unaotikisa ni mmoja. Kwa hiyo mawimbi yatabanana wapi? Wote wakasema, kwenye ukingo wa juu, mahali mfongo unapoingia na kumwaga tope. Ndivyo nami nilivyodhani. Katikati, kwa maneno ya wazee, mtu mzima alifikiwa na maji shingoni.

Tulikwenda asubuhi, kukiwa na jua na hakuna upepo. Nikatandaza kamba juu ya maji kutoka ukingo hadi ukingo, ikiwa na mafundo kila nusu mita. Vijana wawili wakashika dumu tupu la lita ishirini wakawa wanalisukuma majini na kuliachia, mara moja kila sekunde, wenzao wakihesabu kwa sauti. Mwanzoni maji yalivurugika tu. Baadaye yakatulia kwenye mwendo, na migongo ikaanza kuondoka pale kwenye dumu kwa mpangilio, mmoja baada ya mwingine.

"Hesabuni mafundo," nikasema.

Kutoka kilele hadi kilele kulikuwa na mafundo matatu, kama mita moja na nusu. Mara moja kwa sekunde, mita moja na nusu. Kwa hiyo wimbi linatembea mita moja na nusu kila sekunde. Nikaona nyuso zikifunguka. Hakuna aliyeimba.

Kisha msichana yule akasema, "Madam, mbona pale yanabanana?"

Alikuwa anaonyesha katikati.

Nilidhani anaangalia vibaya. Nikasogea, nikachutama. Kweli. Migongo iliondoka kwenye dumu ikiwa mipana na mvivu, lakini ilipofika katikati ya nduwa ilisogeleana, ikajikunja kuzunguka mahali fulani kama nguo inayovutwa kwa uzi, halafu ikipita hapo ikatanuka tena. Nikapima kwa mafundo. Hata mita moja haikufika.

"Marudio?" nikauliza.

"Yale yale, madam."

"Urefu?"

"Umepungua."

"Basi kasi?"

Mmoja nyuma akasema taratibu, "Imepungua. Pale maji ni mafupi."

"Lakini pale si ndipo penye kina kirefu?" mwingine akauliza.

Tungeishia hapo. Ningewaambia ni tope limejaa, tukarudi darasani na jibu zuri. Lakini walitaka kujua, na mimi nilikuwa nimewaambia mwezi mzima kwamba kujua ni bora kuliko kukariri. Kijana mmoja akaenda kung'oa mti wa kuegemezea mgomba, mrefu, wenye panda mbele, akatembea juu ya ubao wa kufikia lile bomba la kutolea maji na kuuchomeka pale katikati. Ulizama kiasi cha kiganja tu, ukagota kwenye kitu laini. Akausukuma. Mapovu makubwa yakapanda, moja, halafu mengi, na hewa iliyotoka kwenye mapovu yale sijui niieleze vipi. Haikuwa harufu ya majani. Ilikuwa tamu. Ilikaa kwenye ulimi.

Akavuta. Panda ikanasa kitu, na kiroba cheupe cha salfeti kikainuka, kizito, kimefungwa mdomo kwa kamba, kikapasuka kabla hakijafika ukingoni. Kwanza yalitoka mawe. Baada ya mawe ulitoka utumbo, ila haukuwa utumbo tena. Ulikuwa kitu cha kijivu kama sabuni iliyolowa, kinateleza na kunyooka juu ya maji. Yakatoka manyoya magumu meupe, mafungu kwa mafungu. Likatoka taya lenye meno, na kwato mbili zilizoshikana kwa ngozi.

Msichana wa dawati la mbele alitapika kwenye nyasi. Wengine walikimbia. Kijana aliyeshika mti aliutupa, akaanza kufuta mikono kwenye suruali, akafuta, akafuta, na hakuacha hata nilipomshika bega.

Halafu wote wakageuka wakaniangalia mimi.

Walijua. Hata mimi nilijua kabla hawajageuka. Juu ya nduwa ile, kufuata mfongo, ni mtu mmoja tu aliyechinja nguruwe, naye alikuwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Baa yake ilikuwa na jina kote mlimani. Mwishoni mwa wiki watu walipanda kwa magari kutoka mjini Moshi kuja kula kitimoto chake cha kuchoma kwa ndizi na pilipili. Nami nilikula. Sahani zake zilikuwa kubwa, na kwa ndugu hakutoza.

Niliwarudisha wanafunzi shuleni, nikawanawisha kwa maji ya tangi, halafu nikapanda kwake nikiwa na viatu vilivyolowa.

Nilimkuta nyuma ya baa anamwagia nguruwe maji ya moto na kumkwangua manyoya kwa panga. Alikuwa mtu wa tabasamu, tabasamu halikumtoka kamwe.

"Karibu, shemeji! Supu ipo tayari."

"Shemeji, kule nduwani kuna viroba."

Panga likaendelea kukwangua. "Viroba gani?"

"Vya kwako. Kimoja kimepasuka mbele ya wanafunzi wangu."

Akasimama. "Nani amekuambia viko huko? Nani ameviona?"

"Hakuna aliyeviona kabla ya leo. Mawimbi yamebanana juu yake."

"Mawimbi?"

Nikamweleza, sijui kwa nini nilimweleza, pengine kwa sababu hicho ndicho kitu pekee nilichoweza kukisema bila kulia. Nikasema wimbi likipita juu ya kitu kilichozama linachelewa, na likichelewa linakuwa fupi, hivyo kilichozama kinaonekana juu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, bila hasira hata kidogo, "Shimo langu lilijaa, shemeji. Bwana afya akasema nichimbe jingine, nikachimba, nikakuta mwamba. Ningeyaweka wapi? Nikiyamwaga porini mbwa watayatapanya na baa itafungwa. Kule yametulia. Nimeweka na mawe. Na maji yanatembea, shemeji. Yanajisafisha."

"Mama anaoshea mboga pale."

"Mama anapika. Moto unaua kila kitu."

Akachukua kipande cha nyama ya mgongo, akakifunga kwenye gazeti, akaninyooshea kwa mkono uleule wenye manyoya. "Wapelekee watoto." Nikaona gazeti likilowa pole pole. Niligeuka nikaondoka, na nilipofika kwenye kahawa za jirani nikainama nikatapika.

Mume wangu alikuwa mlimani na wageni. Yeye ni mwongoza watalii, na simu huko juu hushika inapotaka. Kwa hiyo nilimwambia mama mkwe peke yangu, jikoni kwake, akichambua mnafu. Alisikiliza, akauliza kitu kimoja tu: viroba vilianza kuwekwa lini. Nikasema sijui. Akaangalia ile mboga mapajani mwake muda mrefu, kisha akatoka nje akaimwaga kwenye zizi la ng'ombe; halafu akarudi akaitoa zizini, akaenda kuifukia. Tangu mvua za vuli alikuwa analalamikia tumbo. Hakulitaja.

Kikao cha mfongo kiliitwa kwa mwenyekiti. Nilipoingia nilidhani nimekosea nyumba, maana ilikuwa inanukia choma. Shemeji alikuwa ameleta nyama. Sinia mbili zilikuwa katikati ya wanaume, na pombe ya mbege kwenye vibuyu, na wote walikuwa na mafuta midomoni. Walizungumza juu ya nyama ile iliyooza chini ya maji huku wakitafuna nyama. Mwenyekiti aling'oa ubavu, akaunyonya, akaniambia, "Mwalimu, hebu tuelewane. Uliviona viroba vyote kwa macho, au ni hesabu za darasani?"

"Kimoja kwa macho. Vingine kwa mawimbi."

Wakacheka. Mmoja akasema mawimbi hayajawahi kutoa ushahidi mahakamani. Mwingine akasema tusubiri masika, mvua itasukuma kila kitu. Kitasukumwa wapi? nikauliza. "Huko chini," akasema, akaashiria kwa mfupa kuelekea Kahe, kama vile Kahe hakuna watu. Shemeji alikuwa anawakatia wenzake vipande. Kila mtu aliyepokea kipande alikuwa akinyamaza.

Nimeona vitu vichafu maishani. Nimesafisha vyoo vya shule kwa mikono yangu. Lakini sijawahi kuona kinyaa kama kile, cha watu wazima wanaojua na wanaendelea kutafuna.

Mama mkwe alikuwa amekaa nje kwenye kigoda pamoja na wanawake wengine. Aliingia bila kuitwa. Aliongea Kichagga kwanza, haraka, kwa mwanawe peke yake, na sikukamata yote. Halafu akageukia wanaume kwa Kiswahili ili mwenyekiti asije akasema hakuelewa, maana mzee huyo alikuwa mtu wa kutoka Kwa Sadala na Kichagga chake si cha huku.

"Nimemnyonyesha huyu," akasema. "Leo amenilisha utumbo. Nyie kuleni. Lakini kesho lango linagongwa, maji yanatoka, na yeye anaingia. Si kibarua. Yeye. La sivyo nakwenda mwenyewe, na mtakuja kuwaeleza watu wa kanisani kwa nini bibi kizee yumo matopeni."

Mmoja wa wanaume alirudisha kipande chake kwenye sinia.

Asubuhi shemeji alileta vibarua hata hivyo. Lango liligongwa kwa nyundo mpaka likaachia, na maji yakashuka kwa saa nyingi, yakimwagwa kwenye shamba la mwenyekiti kwa sababu hakuna aliyekubali yapite kwake, na wanawake walimsimamia mpaka akakubali yeye. Sakafu ilipoanza kuonekana watu wote walikuwa ukingoni, hata wanafunzi wangu, waliotoroka kipindi cha uraia. Rundo lilikuwa palepale mawimbi yalipoonyesha. Viroba juu ya viroba, vya chini vimepasuka na kushikana kuwa kitu kimoja, vyeusi, vinang'aa, na funza walikuwa kwenye vile vya juu vilivyokuwa vikichungulia nje maji yanapopungua. Kibarua wa kwanza alishuka, akafungua kimoja, akapanda juu, akavaa shati lake akaenda nyumbani. Wa pili hakushuka kabisa.

Shemeji akaangalia mama yake. Mama hakumwangalia. Ndipo shemeji akavua saa, akavaa mabuti, akashuka.

Alikuwa anabeba kiroba kimoja kimoja kifuani, kwa sababu vilikuwa vinapasuka vikishikwa kwa juu, na kila alipopanda ukingo alitapika kando ya njia, akajifuta kwa bega. Tabasamu lilikuwa limekwisha. Nilitegemea nitamwonea huruma. Huyu ndiye aliyemlipia mume wangu shule baba yao alipofariki. Nilijua hilo, nilijirudia hilo nikiwa nimesimama pale. Huruma haikuja. Nilichokiona ni ule ute wa kijivu ukimtiririka shingoni, na nikakumbuka alivyonyoosha lile gazeti.

Mume wangu alishuka mlimani siku chache baadaye, midomo imepasuka kwa baridi. Nilimweleza. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Ungeniambia kwanza mimi, tungeyamaliza nyumbani." Tulilala migongo imegeukiana kwa wiki nzima. Mwalimu mkuu naye aliniita ofisini, akasema mzazi mmoja amelalamika, na kwamba mawimbi yanafundishwa ubaoni. Nikamwuliza ni mzazi yupi. Akasema si muhimu.

Baa haikufungwa. Ilikaa kimya kama mwezi, halafu magari yakaanza kupanda tena kutoka mjini, maana watu wa mjini hawakuwa wanakunywa maji yetu.

Krismasi watu wa ukoo walirudi nyumbani kama kawaida, kutoka Dar na Arusha, na uwanja wa mama mkwe ukajaa watoto na viti vya kukodi. Shemeji alileta mbuzi wawili. Walipochinjwa, vijana wawili walibeba utumbo kwenye beseni na kuelekea mferejini kuuosha, wakicheka, kama ilivyofanyika miaka yote. Nilifungua mdomo kupiga kelele. Kabla sijasema kitu, shemeji aliwafuata, akawanyang'anya beseni, akaenda nalo nyuma ya migomba, mbali na maji. Nikasikia jembe likigonga mawe. Alichimba muda mrefu. Kule kuna mawe mengi. Aliporudi alikuwa na jasho na udongo mpaka kwenye nyusi, na alipita mbele yangu bila kunitazama.

Sikumsifu. Mama mkwe alinipakulia mwenyewe machalari, ndizi na nyama ya mbuzi ikiwa juu. Nikala ndizi zote. Nyama nikaisogeza pembeni ya sahani, na mama aliona, akaichukua kwa vidole vyake akaila yeye.